Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Gethin wa wakala wa nyumba alivua viatu mlangoni bila kuambiwa,
nikampenda kwa hilo,
kisha akapita chumba hadi chumba na soksi zake za mistari
akiniambia, kwa adabu kubwa, niondoke.

Si mimi hasa. Picha za ukutani.
Mswala nyuma ya mlango. Makopo ya aiskrimu
yasiyoona aiskrimu tangu tulipohamia Grangetown.
Na harufu, akasita, harufu ya mapishi.
Mnunuzi, alisema, anataka kujiona yeye humu ndani.
Nyumba isiwe na mwenyewe.

Nikaanza na banda la uani.
Akiba haiozi, walitufundisha.
Waliotufundisha hawakuwahi kuweka akiba Cardiff.
Masanduku matatu ya zawadi za kupeleka nyumbani
"tukienda Desemba":
viatu vya watoto ambao sasa wana watoto,
shuka zilizoota ukungu wa kijani,
redio ya mjomba Fumo, ambaye tulimzika kwa simu.
Nilifungua moja tu. Mawili niliyakokota hadi kwenye gari
kama mtu anayemsaidia mlevi, asimtazame usoni.
Kule jalalani kijana wa koti la chungwa aliuliza:
mbao, chuma, nguo, au mchanganyiko?
Mchanganyiko, nikamwambia.

Jumamosi Zuwena akaja kutoka Bristol
na vikaratasi vya kunata vya rangi tatu:
kijani kibaki, njano kitolewe, chekundu kitupwe.
Nimemzaa mwenyewe, hiyo sauti kaipata kwa mameneja.
Kufika saa sita, kwenye ngazi palikuwa na rundo la nne
lisilo na rangi.
Viatu vya Shaibu vya zamu ya usiku, unga wa kiwanda cha mikate
bado umeganda kwenye mishono.
Funguo kumi na moja zisizojua mlango.
Na kadi za simu, zile za kukwangua, mamia,
zimefungwa kwa mpira uliokatika nilipougusa.
Pauni tano, dakika mia mbili,
na nusu ya dakika hizo zilikuwa "Unanisikia?"
"Nakusikia. Wewe unanisikia?"
Zuwena akachukua moja, akaigeuza,
akauliza kama namba ile bado inaita.
Nikamwambia apige.
Hakupiga. Akaibandika njano. Kisha akaibandua.

Jumatano usiku akanitumia picha za tangazo.
Vyumba vitatu, bustani inayopata jua, kituo cha treni karibu.
Nikazitazama kitandani, miwani puani.
Nyumba ya nani hii? Mwanga umeingia mpaka pale
kabati letu lilipouzuia miaka ishirini na sita.
Kumbe tulikuwa na dirisha.
Nikatamani kuinunua.
Nikasoma bei, nikacheka peke yangu, kwa sauti,
mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu picha ya saba. Pembeni mwa sebule,
kibao changu cha mbuzi, nilichokisahau jikoni,
kimepanguswa, kinang'aa,
ulimi wake wa chuma umegeuziwa ukutani kama mtoto aliyekosa,
na pale pa kukalia
wameweka chungu cha ua la plastiki.
Gethin alikipenda. Alidhani ni pambo.

Leo saa tano wanakuja wa kwanza kutazama.
Nimefungua madirisha kama nilivyoagizwa.
Ua nimelishusha, nimeliomba radhi, nimeliweka sakafuni.
Nazi mbili za duka la Mbangladeshi wa kona
nimeshazivunja, maji nimeshakunywa.
Nimekaa. Magoti yamelalamika, yamenyamaza.
Chicha nyeupe inadondoka kwenye sinia
juu ya zulia lililooshwa kwa pauni sabini.
Waje. Wajione humu ndani
kama watapata nafasi.

Kengele hiyo.
Bado kifuu kimoja.